Jiko Kuwaka Si Ushahidi

Fundi akija kukagua umeme wa jikoni, mwenye nyumba hujitetea mapema: "Mbona kila kitu kinafanya kazi?" Kweli kinafanya kazi. Lakini waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, hauchemshi maji wala haugandishi nyama. Ukikatika, jagi litachemka vilevile na friji itagandisha vilevile. Hitilafu itajulikana siku waya wa moto utakapogusa bati la friji na mtu akalishika kwa mkono wenye maji.

Ndiyo maana mkaguzi makini huanzia kwenye plagi. Soketi za Tanzania na Kenya ni za mtindo wa Uingereza. Tundu la juu ni la ethi, na pini yake ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Sasa tazama friji ya mtumba kutoka Ulaya. Plagi yake ni ya duara, yenye pini mbili nene, na ethi yake ni vibati vya ubavuni. Watu huchokoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu, vifuniko vikafunguka, wakaisukuma ndani. Friji inanguruma, ila vile vibati havigusi chochote. Mimi friji ya namna hiyo naiandika kuwa imefeli, hata kama inang'aa. Blenda yenye alama ya mraba ndani ya mraba ina vihami maradufu na haihitaji ethi. Hata hiyo, ichomekwe kwa adapta, si kwa kijiti.

Kisha naigusa plagi baada ya jagi kuchemka. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto au imegeuka rangi, kuna muungano uliolegea. Nikiifungua naangalia fyuzi. Ya ampea 13 inatosha karibu wati 3,000, lakini wengine huweka karatasi ya sigara au kipande cha waya. Ekstensheni nayo haina muujiza: jagi la wati 2,200 na jiko la koili la wati 2,000 kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 18 kwa umeme wa volti 230. Jiko kubwa lenye oveni lisikae kwenye soketi kabisa. Lipewe waya wake kutoka kwenye bodi, kwa kawaida wa milimita 6 za mraba au zaidi.

Kipimo kinachowachanganya mafundi wengi ni cha kihami. Umeme ukiwa umezimwa, nyaya hupimwa kwa volti 500, na usomaji hautakiwi kushuka chini ya megaomu 1. Ndani ya koili za majiko mengi kuna unga wa oksidi ya magnesiamu, unaopitisha joto na kuzuia umeme, ila hunyonya unyevu. Jiko lililokaa stoo kwa miezi katika hewa ya Tanga au Mombasa linaweza kukikatisha kikata mvujo, kifaa kinachokata umeme unapovuja, mara tu linapowashwa. Fundi mwenye haraka atasema limekufa, au atafanya kosa baya zaidi: ataikata ethi ili umeme usikatike. Mwenye kuijua kazi ataikausha koili kwa joto la pole, kisha apime tena.

Kikata mvujo chenyewe, kile chenye kitufe cha T, hukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Sakiti breka ya ampea 32 haiwezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kwake. Bonyeza kitufe hicho mara kwa mara, lakini ujue kinajipima chenyewe tu. Hakisemi lolote kuhusu ethi.

Kwa hiyo unapolipia ukaguzi, hakikisha fundi ana leseni, na umtake aandike tarakimu: usomaji wa ethi, usomaji wa kihami, na muda wa kikata mvujo kukata. Akikuandikia "nyaya ziko sawa" pasipo namba hata moja, hajakagua.