Bwana Afya Mpakani: Ukaguzi wa Vyakula Kabanga

Kabanga ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, unaotazamana na Kobero ya Burundi, na kwa kuwa malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi hupita hapo, madereva na utingo wanaosubiri hati za forodha, wasio na jiko wala mwenyeji, hula kwa mama lishe na katika migahawa ya jirani. Mteja wa namna hiyo akiharibikiwa na tumbo hulihisi akiwa tayari mbali, wala hapati nafasi ya kurudi kulalamika, na ndiyo maana ukaguzi wa afya una uzito mkubwa zaidi mpakani kuliko kijijini ambako mlaji na mpishi wanajuana.

Kisheria kazi hiyo imegawanywa. Afisa afya wa mazingira, ambaye wananchi humwita bwana afya au bibi afya, ni mtumishi wa halmashauri, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ndiyo msingi mkuu wa kazi yake ya kukagua majengo ya biashara ya chakula na kudai kasoro ziondolewe. Vyakula vya viwandani viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilhali nyama hukaguliwa machinjioni na mtaalamu wa mifugo kabla ya kupigwa mhuri na kupelekwa buchani. Kwa hiyo duka moja lenye biskuti, nyama na chapati laweza kuwa na wakaguzi watatu, jambo linalowachosha wenye maduka, na si bila sababu.

Katika mgahawa, bwana afya hutazama maji, choo, mashimo ya taka, na vyeti vya kupimwa afya ambavyo wahudumu hutakiwa kuvihuisha, kwa kawaida kila baada ya miezi sita. Cheti kina faida, kwa sababu mtu aliyepona homa ya matumbo anaweza kuendelea kubeba vimelea kwenye nyongo na kuvitoa chooni huku akijiona mzima kabisa. Lakini karatasi hiyo hueleza hali ya siku ya kupimwa tu, na haisemi lolote kuhusu mikono ya leo.

Hatari iliyojificha zaidi ni kiporo. Mchele hubeba bakteria wa aina ya Bacillus cereus, ambao hujifungia katika spora, yaani chembe zenye ganda gumu zinazostahimili kuchemka, na wali ukiachwa sufuriani upoe polepole, spora hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo aina yake inayosababisha kutapika haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, bali kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za joto, au kibaki cha moto juu ya nyuzi 60. Mama lishe asiye na jokofu amebakiwa na njia ya pili tu, nayo ina gharama ya mkaa.

Hapo ndipo saa ya ukaguzi inapokuwa na maana kuliko fomu yake. Anayefika saa mbili asubuhi huona sakafu iliyofagiliwa na beseni lenye maji safi. Anayefika saa nane mchana, wateja wakiwa wamejaa, huona maji yaleyale yamegeuka mchuzi huku sahani zikiendelea kuzamishwa humo, na kitambaa kimoja kikifuta meza, mikono na vijiko. Kumfungia mama lishe siku hiyo ni rahisi, ila mtaji wake ukikatika huenda akapika chini ya mti, mahali ambapo hakuna hata choo cha kukaguliwa. Ilani yenye muda wa kurekebisha, ikifuatwa na ziara ya pili isiyotangazwa, huleta matunda zaidi.

Mlipuko wa virusi vya Marburg uliotangazwa wilayani Biharamulo Januari 2025, na kutangazwa kwisha Machi mwaka huohuo, uliupa wito wa kunawa mikono uzito mpya mkoani Kagera. Marburg huenea kwa kugusa majimaji ya mwili ya mgonjwa wala si kwa wali uliolala, lakini ndoo yenye koki na sabuni ni ileile, na mwenye mgahawa ndiye anayepaswa kuijaza kila asubuhi, mlipuko uwepo au usiwepo.