Nyama Kidogo, Walaji Wengi: Tambi za Kijapani Jikoni Mwako

Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, na watu sita wanangoja chakula. Mama wa nyumba afanyeje? Katika nyumba nyingi shauri hilo limekwisha amuliwa tangu zamani: vipande vikubwa ni vya baba, na watoto huchovya tonge katika mchuzi. Nyumbani kwangu ndivyo ilivyokuwa, nami sikuona vibaya, maana ndivyo nilivyolelewa. Lakini jioni moja mtoto wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka mitano, alinitazama nikitafuna, akaniuliza kwa upole: "Baba, ni tamu?" Hakuomba. Aliuliza tu. Tonge lilinikwama kooni.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kupika nyama kidogo ikawafikia wote. Nimeipata kwa watu wa mbali sana, yaani Wajapani. Basi nisikilizeni kwanza habari zao, kisha tuingie jikoni.

Wajapani walikaa miaka mingi sana karibu bila nyama ya ng'ombe. Mwaka wa 675 Mfalme Tenmu, aliyefuata mafundisho ya Kibuddha, alitoa amri ya kukataza watu kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku tangu mwezi wa nne mpaka mwezi wa tisa, ndiyo majira ya kilimo. Baada yake amri nyingine zilifuata, na desturi ikakaza. Tena ng'ombe alikuwa mwenzi wa mkulima. Ndiye aliyevuta jembe katika mashamba ya mpunga. Wamisionari Wakatoliki walipofika huko, neno hilo liliwaletea mashaka. Mwaka wa 1587 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimhoji Padre Gaspar Coelho, mkubwa wa Wajesuiti, kwa nini wao wanakula ng'ombe na farasi, wanyama wanaowasaidia watu kazi.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19, nchi ilipofungua milango kwa wageni. Katika mji wa bandari wa Yokohama palizuka maduka ya kuuza nyama ya ng'ombe iliyopikwa chunguni. Mwezi wa Januari 1872 ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Watu wakaanza kumfuata. Lakini nyama ilikuwa ghali, nao hawakuwa na desturi ya kula pande kubwa kwa kisu na uma. Wao hula kwa vijiti viwili, na vijiti havikati nyama. Kwa hiyo nyama hukatwa jikoni vipande vyembamba kama karatasi, ikapikwa upesi kwa mchuzi wa soya na sukari, ikawekwa juu ya wali au juu ya tambi. Hapo ndipo ilipo siri yote. Nyama haikai peke yake kama bwana mkubwa. Imechanganyika na chakula, na kila bakuli limepata fungu lake.

Tambi zao nene za ngano huitwa udon. Zikiwa na nyama huitwa niku udon, na niku maana yake ni nyama. Ni chakula cha watu wa kazi: chaliwa mchana karibu na vituo vya gari la moshi, chaliwa na jioni nyumbani. Ukiingia mahali wanapokula, utasikia sauti ya kufyonza. Usiwacheke, kwao si utovu wa adabu. Tambi zina moto, na kuzifyonza pamoja na hewa kwazipoza kidogo.

Na supu yake? Hapa ndipo nilipofurahi. Wajapani huchemsha mwani mkavu uitwao kombu, au samaki wakavu. Mwaka wa 1908 mwalimu mkuu wa elimu ya kemia huko Tokyo, jina lake Kikunae Ikeda, alichunguza mwani huo akapata kitu kinacholeta utamu wake. Utamu huo akauita umami. Si utamu wa sukari, bali ni ule unaoufanya mchuzi mzuri ukae ulimini. Lakini nyumba nyingi za huko hutumia samaki wadogo waliokaushwa, waitwao niboshi. Ukiwaona utasema: kumbe hawa ni dagaa! Naam, kazi yao yaweza kufanywa na dagaa wetu wa sokoni bila shida.

Haya, akina mama, na akina baba msiotaka kukaa bure, twende jikoni. Vipimo hivi vyatosha watu sita.

Tambi kwanza. Chukua unga wa ngano gramu 600, chumvi gramu 30, yaani kama vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana, na maji kidogo zaidi ya robo lita. Koroga chumvi katika maji mpaka iyeyuke, kisha mimina katika unga kidogo kidogo. Donge litakuwa gumu kuliko la chapati, nalo lisikutishe. Wajapani hulifunga vizuri na kulikanyaga kwa miguu! Ukipenda, liweke ndani ya mfuko safi wa plastiki, funika kwa kitambaa, na watoto wakanyage kwa zamu. Kwetu kazi hiyo hugombaniwa. Liache lipumzike saa moja au mbili. Hii ni kazi ya alasiri. Ikiisha, chakula cha jioni huwa chepesi. Kisha sukuma kama chapati, nyunyiza unga mwingi, kunja, na ukate nyuzi nene kidogo kuliko njiti ya kibiriti. Kama huna nafasi, nunua tambi ndefu za ngano dukani.

Sasa supu. Twaa konzi moja ya dagaa wakavu. Ondoa vichwa na matumbo, maana ndiyo yanayoleta uchungu. Waloweke katika maji lita mbili kwa muda wa nusu saa, kisha wachemshe kwa moto mdogo dakika kumi, na uchuje. Tia vijiko sita vya mezani vya mchuzi wa soya, kijiko kimoja cha sukari, na chumvi kwa kuonja. Mchuzi wa soya wapatikana katika maduka ya mjini. Hutengenezwa kwa maharagwe ya soya, ngano, chumvi na maji, vikachachuka kwa muda wa miezi mingi. Chupa moja hudumu, maana hutumika kidogo kidogo. Weka supu pembeni, uifunike.

Teleka sufuria kubwa ya maji bila chumvi. Yakitokota sana, tia tambi, ukoroge zisishikane. Zile za mkono huiva kwa dakika kumi au kumi na mbili, onja moja. Zikiiva, zichuje na uzisuuze kwa maji safi ya baridi ili zisigandane, na chumvi ya ziada itoke.

Mwisho nyama. Noa kisu vizuri. Nyama yako nusu kilo, isiyo na mifupa, ikate nyembamba kadiri uwezavyo, kwa kukingamisha nyuzi zake, si kwa kuzifuata. Mara yangu ya kwanza nilikata vipande vinene, tena kwa kufuata nyuzi. Mama mkwe alikuwa mgeni wetu siku ile. Alitafuna kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, huyu ng'ombe alikuwa mzee kuliko mimi." Tangu hapo nanoa kisu.

Kaanga kitunguu kimoja kikubwa na tangawizi iliyopondwa kwa mafuta kidogo. Tia nyama, ukoroge. Ikigeuka rangi, tia vijiko vitatu vya mchuzi wa soya na vijiko viwili vya sukari. Dakika tano zatosha, ila hakikisha hapana wekundu uliobaki. Wajapani wengine huchovya nyama katika yai bichi. Sisi tusiwaige katika jambo hilo. Rudisha supu motoni ichemke. Gawa tambi katika mabakuli, mimina supu ya moto, weka nyama juu, na majani ya vitunguu yaliyokatwa. Siku ya Ijumaa ya Kwaresima acha nyama, weka yai la kuchemsha.

Hata kama una jiko moja tu, ukifuata mpango huu, tangu kuteleka supu mpaka kula haipiti saa moja. Kuni zapungua, na mama hakeshi jikoni.

Yako mambo ya haraka kuliko haya. Mwaka wa 1958 Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyekaa karibu na Osaka, alibuni tambi zilizopikwa na kukaangwa tayari, zinazotaka maji ya moto tu. Baada ya vita kuu ya pili alikuwa ameona watu katika mji ulioharibika wakipanga mstari mrefu kwenye baridi, wakingoja bakuli moja la tambi. Leo pakiti zake na za walioiga zauzwa dunia nzima. Zafaa siku ya dharura, lakini zina chumvi nyingi, wala hazina nyama ya kutosha kulea mtoto.

Jioni tulipofaulu, mke wangu aligawa mabakuli sita. Nikatazama langu, nikatazama na ya watoto. Yalikuwa sawa. "Baba Rosa," akasema, "leo nyama yako ni kidogo kuliko siku zote, mbona hulalamiki?" Sikujibu, maana nilikuwa nikimtazama yule mdogo. Alikuwa akifyonza tambi kwa sauti kama Mjapani, na mchuzi ukimtiririka kidevuni. Safari hii mimi ndiye niliyeuliza: "Mwanangu, ni tamu?"

Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Tena ndugu wa kwanza ni yule aliyeketi nawe jamvini.