ULURU: JANGWA LINALOELEZWA NA WENYEWE

Katikati ya nchi ya Australia, mbali na bahari kwa kila upande, pana jangwa la mchanga mwekundu. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama milimita 300 tu, tena haina majira maalumu. Wakati wa joto kali hewa huweza kufika nyuzi 45, na usiku wa kipupwe baridi hushuka hata maji yakaganda. Katika jangwa hilo limesimama jabali moja kubwa ambalo wenyeji huliita Uluru. Urefu wake kutoka chini hadi kileleni ni mita 348, na mtu atakaye kulizunguka kwa miguu hana budi kwenda zaidi ya kilomita 10. Upande wa magharibi vinaonekana vilima 36 vya mviringo viitwavyo Kata Tjuta, maana yake “vichwa vingi.” Jabali hilo na vilima hivyo, pamoja na nchi inayovizunguka, ndiyo Mbuga ya Taifa ya Uluru-Kata Tjuta, yenye eneo la zaidi ya kilomita 1,300 za mraba.

Wageni hufika huko kutoka pembe zote za dunia. Wengi wao hudhani kwamba wamekuja kulitazama jiwe, kulipiga picha na kwenda zao. Lakini mgeni akifuatana na kiongozi, hutambua upesi kwamba macho peke yake hayatoshi. Mahali anapoona ufa katika mwamba, mwenyeji huona alama ya habari ya kale. Na mahali anapoona majani makavu, mwenyeji huona gundi, chakula na dawa. Makala haya yanaeleza jinsi matembezi hayo yanavyofanywa, na jinsi ilivyotokea kwamba wanaoisimulia nchi hiyo leo ni wenyewe, ingawa kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa wageni katika ardhi yao.

Matembezi ya Mala

Wenye nchi hiyo huitwa Anangu, nao husema lugha za Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara. Yale matembezi yajulikanayo zaidi huitwa Matembezi ya Mala. Mala ni mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, ukubwa wake kama wa sungura. Njia ni fupi, kilomita mbili kwenda na kurudi, tena ni tambarare, hata mzee au mtoto aweza kuifuata. Kiongozi ni askari wa mbuga. Akiwa yeye ni wa Anangu, huenda akasema kwa lugha yake mwenyewe, na mwenzake akafasiri.

Kiongozi hueleza kwamba zamani za kuumbwa kwa nchi, watu wa Mala walifika Uluru kutoka kaskazini ili kufanya ngoma yao ya ibada. Walipokuwa wamekwisha kuianza, wakaja wajumbe kutoka magharibi kuwaalika katika ngoma nyingine. Mala wakakataa, kwa kuwa ibada ikishaanzwa haiwezi kukatizwa. Watu wa magharibi wakaghadhibika, wakaumba zimwi mfano wa mbwa, jina lake Kurpany, wakalituma liwaangamize. Luunpa, mwanamke mdiria, aliwaonya Mala kwamba hatari inakuja, lakini hawakumsikiliza. Zimwi likawashambulia, baadhi wakauawa, na waliosalia wakakimbilia kusini huku likiwafuatia nyuma.

Habari hii inayo mafunzo mawili yaliyo wazi, yaani kazi uliyoianza uimalize, na onyo la hatari ulisikie. Hayo ndiyo anayoambiwa mgeni. Lakini zimo sehemu nyingi ambazo mgeni haambiwi, kwa kuwa kwa desturi ya Anangu elimu hutolewa kwa kadiri ya umri wa mtu na haki yake ya kuijua. Jumla ya elimu hiyo huitwa Tjukurpa. Neno hilo lina maana ya sheria, dini na historia pamoja, nayo hueleza nchi iliumbwaje na watu wapaswa kuishije ndani yake.

Njiani yapo mapango, na kila pango lilikuwa na kazi yake. Moja lilikuwa jiko la wanawake na watoto, ambamo mbegu zilisagwa juu ya mawe. Jingine walikaa wazee wa kiume. La tatu lilikuwa shule: mababu waliwakalisha humo wavulana waliokaribia utu uzima, wakawachorea ukutani mambo ya nchi, mahali pa maji na njia za wanyama. Msomaji wa kabila lenye jando hatahitaji kuelezwa zaidi. Michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi ingali ikionekana ukutani hadi leo.

Mahali pengine kiongozi huwaomba wageni wasipige picha. Hapo ni mahali patakatifu, pengine pa wanaume na pengine pa wanawake, na picha yake haifai kuonwa na mtu asiyehusika. Ombi hilo hutolewa kwa adabu, nalo hufafanuliwa sababu yake.

Elimu ya Jangwa

Watu husema kwamba jangwa ni nchi tupu. Lakini katika mbuga hii wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 170 za ndege, zaidi ya aina 70 za wanyama watambaao, na zaidi ya aina 400 za mimea.

Uko mti mmoja ambao ni wa jamii ya mvinje, ule unaojulikana sana katika pwani ya Kenya. Mti huo ukiwa mchanga husimama mwembamba kama ufagio kwa miaka mingi, usitanue tawi. Wakati huo wote mzizi wake unashuka kutafuta maji chini ya ardhi. Ukiyapata, ndipo unapotanua matawi na kuwa mti mkubwa wenye kivuli. Yuko pia mjusi mwenye miiba mwili mzima, aitwaye ngiyari, ambaye chakula chake ni sisimizi. Ngozi yake ina vijimfereji vidogo sana. Asimamapo juu ya mchanga wenye umande, maji hupanda kwa vijimfereji hivyo hadi kinywani mwake.

Majani makali yaitwayo spinifeksi hutoa ulimbo. Anangu huyapura, hukusanya vumbi lake, huliyeyusha kwa moto na kupata gundi ngumu ya kushikiza ncha ya mkuki. Katika mizizi ya kichaka fulani wanawake huchimba na kutoa funza wanene waitwao maku, ambao ni chakula chenye mafuta mengi. Kiongozi huonyesha mambo hayo kwa mikono, na mgeni hujaribu mwenyewe akaona ugumu wake.

Juu ya jabali lenyewe, wageni husikia pia maelezo ya wataalamu wa mawe. Hao husema kwamba yapata miaka milioni 550 iliyopita mchanga ulichukuliwa na maji kutoka milimani ukarundikana. Baadaye bahari ikaufunika, uzito ukaushindilia ukawa jiwe, kisha nguvu za ardhi zikaliinamisha hata matabaka yake yakakaribia kusimama wima. Rangi nyekundu ni kutu ya chuma kilichomo ndani ya jiwe. Katika mapango, ambamo mvua haifiki, jiwe lina rangi ya kijivu. Kiongozi huyatoa maelezo haya na yale ya Tjukurpa, kila moja mahali pake.

Jinsi Wenyeji Walivyosukumwa Kando

Mzungu wa kwanza kulifikia jabali hilo alikuwa William Gosse, mpimaji wa nchi, mwaka 1873. Alilipanda pamoja na Kamran, mwendesha ngamia kutoka Afghanistan, akaliita Ayers Rock kwa heshima ya kiongozi mmoja wa serikali ya Australia Kusini. Baadaye nchi hiyo ilitengwa kuwa hifadhi ya wenyeji. Lakini barabara ilipofika na watalii kuanza kuja kwa wingi, mwaka 1958 Serikali iliyakata maeneo ya Uluru na Kata Tjuta kutoka katika hifadhi hiyo, ikayafanya mbuga ya taifa. Uwanja wa ndege na nyumba za wageni vikajengwa karibu kabisa na jabali, na mwaka 1964 ukatiwa mnyororo wa chuma wa kuwasaidia watu kupanda.

Wenyeji walikatazwa au kuvunjwa moyo wasikae humo, ingawa walizidi kurudi kwa ajili ya ibada zao. Waswahili husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Huko Uluru wageni walikuja kwa maelfu, lakini mwenyeji hakupona. Habari za nchi yake zilisimuliwa na madereva wa mabasi, na nyingi zilikuwa za kubuni.

Ardhi nayo ilipata hasara. Zamani Anangu walikuwa wakichoma majani kidogo kidogo wakati wa baridi, mahali hapa mwaka huu na pale mwaka mwingine. Majani mabichi yaliota na kuwavuta wanyama, na moto mkubwa ulipotokea haukupata kuni za kuuendeleza. Desturi hiyo ilipokoma, majani makavu yalirundikana. Mwaka 1976 moto uliteketeza zaidi ya nusu ya mbuga. Hapo wataalamu walianza kuwauliza wazee jinsi walivyokuwa wakichoma, na utaratibu wa wazee ukarudishwa kuwa kazi ya mbuga.

Ardhi Yarudi kwa Wenyewe

Mwaka huo huo wa 1976 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuwarudishia wenyeji wa jimbo la kaskazini ardhi zao. Anangu walipoleta madai yao waliambiwa kwamba mbuga imekwisha kutengwa, kwa hiyo sheria hiyo haiihusu. Hawakukata tamaa. Waliendelea kudai mpaka sheria ikabadilishwa, na tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu, Sir Ninian Stephen, aliwakabidhi hati ya kumiliki ardhi mbele ya umati wa watu, chini ya jabali lenyewe. Siku hiyo hiyo Anangu waliikodisha kwa Serikali kwa muda wa miaka 99 iendelee kuwa mbuga. Wao ndio walio wengi katika baraza la kuisimamia, na robo ya fedha wanazolipa wageni mlangoni huwaendea.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Nyumba za wageni zilikwisha kuhamishiwa nje ya mbuga, katika mji wa Yulara. Mwaka 1995 ilifunguliwa nyumba ya utamaduni, iliyojengwa kwa matofali ya udongo kwa umbo la nyoka wawili wa hadithi za Anangu. Mwaka 2005 mnyama mala, ambaye alikuwa ametoweka kabisa katika nchi hiyo, alirudishwa ndani ya uzio wa hekta 170. Kwa Anangu, hao waliorudi walikuwa jamaa zao.

Suala la Kupanda

Jambo lililoleta mabishano marefu ni kupanda juu ya jabali. Njia iliyotiwa mnyororo ndiyo ile iliyofuatwa na wanaume wa Mala walipofika Uluru, kwa hiyo ni takatifu. Tena ilikuwa ya hatari: tangu utalii uanze, zaidi ya watu 35 walikufa kwa kuanguka au kwa moyo kushindwa. Kwa desturi ya Anangu mwenyeji ana wajibu juu ya uhai wa mgeni wake, na kila kifo kiliwatia huzuni na haya. Hata hivyo hawakukataza mara moja. Waliweka kibao chini ya njia wakiwaomba wageni wasipande, na viongozi waliwaeleza sababu. Mwaka hata mwaka idadi ya wapandao ilipungua, mpaka wakawa chini ya mmoja kati ya watano. Mwaka 2017 baraza lilikata shauri kwa sauti moja, na tarehe 26 Oktoba 2019, miaka 34 kamili tangu ardhi kurudishwa, njia ilifungwa.

Nguvu ya maelezo mema huonekana pia katika jambo jingine. Kwa miaka mingi ofisi ya mbuga imekuwa ikipokea kwa posta vipande vya mawe na mifuko midogo ya mchanga. Hivyo ni vitu ambavyo wageni walivichukua kuwa ukumbusho, kisha dhamiri ikawasuta, wakavirudisha pamoja na barua za kuomba radhi.

Wajibu Uliobaki

Kazi haikuishia katika kupata hati. Elimu wanayoitoa viongozi hao ilikaa vifuani mwa wazee, nayo hufundishwa mahali penyewe: mbele ya pango, ukingoni mwa maji, juu ya wayo wa mnyama mchangani. Kijana asiyetembea na mzee hawezi kuipata, na mzee afapo kabla hajapata wa kumwonyesha, huondoka nayo. Ndiyo sababu kazi ya kuongoza wageni ina thamani kupita mshahara wake. Humpa kijana sababu ya kubaki katika nchi yake, kuisema lugha ya mababu na kuuliza maswali wakati wenye majibu wangali hai.