Kifaa Kipya Kinaposifiwa: Nani Alikilipia? (Sehemu ya Tatu)

Tarehe 28 Februari 2025, kifaa kidogo cha kubandika kifuani kiitwacho AI Pin kilizimika moja kwa moja. Kampuni ya Humane ya Marekani ilikuwa ikikiuza kwa dola 699, na juu yake ada ya dola 24 kila mwezi. Mwezi huohuo ilikubali kuiuzia HP sehemu kubwa ya mali zake kwa dola milioni 116, ikazima mitambo iliyokiendesha kifaa hicho. Sasa hakipigi simu, hakitumi ujumbe, hakijibu swali. Waliotumiwa kifaa kabla ya tarehe 15 Novemba 2024 hawakurudishiwa fedha.

Habari hiyo inajibu swali nililoletewa na wasomaji kadhaa baada ya sehemu ya pili. Wameniuliza: ikiwa watathmini wa mwanzo hupewa kifaa bure na mtengenezaji, na huogopa kunyimwa kijacho, mbona AI Pin waliiponda? Ni kweli waliiponda. Aprili 2024, Marques Brownlee, ambaye video zake hutazamwa na mamilioni, alisema ndicho kifaa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuvitathmini hadi siku ile. Wapo waliomlaumu kwamba anaua kampuni changa. Lawama hiyo siielewi. Mtathmini hana deni kwa kampuni changa wala kongwe. Deni lake ni kwa mtu anayetoa fedha mfukoni. Aliyemsikiliza Brownlee alibaki na dola zake 699. Oktoba ya mwaka uleule, visanduku vya kuchajia kifaa hicho, vipatavyo 10,500, viliitwa virudishwe kwa hofu ya moto.

Kwa hiyo naanza na msimamo wangu, kisha nitaueleza. Tathmini ya mapema ikisema kifaa ni kibovu, iamini leo. Ikisema ni kizuri, iweke kando miezi mitatu. Ubovu unaojitokeza katika wiki ya kwanza ni ubovu kweli, na anayeusema anahatarisha ugali wake. Uzuri wa wiki ya kwanza haujathibitisha lolote.

Ili kuona kwa nini, lazima turudi hadi mwaka 1927. Mwaka huo Wamarekani wawili, Stuart Chase na F. J. Schlink, walitoa kitabu kiitwacho Your Money's Worth. Chase alikuwa mtu wa uchumi na hesabu. Schlink alikuwa mhandisi aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya serikali ya viwango mjini Washington. Huko alikuwa ameona jambo lililomkera. Serikali, kabla ya kununua sabuni, rangi au mashine ya kuchapia kwa matumizi yake, ilivipima kwanza maabarani. Lakini mwananchi, ambaye kodi yake ndiyo iliyoilipia maabara hiyo, hakuambiwa matokeo. Aliachwa dukani na tangazo la biashara. Hoja hiyo imepita umri wa miaka 90 na bado ni hai.

Kitabu kiliuzika sana, na mwaka 1929 Schlink akaanzisha shirika la Consumers' Research, lililowapimia wanachama wake bidhaa. Mwaka 1933 yeye na mwenzake Arthur Kallet wakatoa kitabu kingine, kikali zaidi, kuhusu vyakula, dawa na vipodozi vya hatari vilivyouzwa bila kificho. Kisha likatokea jambo ambalo kila mwenye shirika la kutetea haki anapaswa kulikumbuka kila asubuhi. Mwaka 1935 wafanyakazi wa Consumers' Research waliunda chama chao, na baadhi yao wakafukuzwa kazi. Wenzao wengi waligoma. Shirika lililopima uaminifu wa viwanda vya nchi nzima lilikuwa limeshindwa kuwatendea haki watu wa ofisini kwake. Wagomaji hawakurudi. Mwaka 1936, pamoja na Kallet, walianzisha shirika lao, Consumers Union, chini ya uenyekiti wa mwalimu wa uchumi Colston Warne, aliyekishika kiti hicho kwa zaidi ya miaka 40. Jarida lao la kwanza, la Mei 1936, lilipima vitu vya kawaida kabisa: maziwa, sabuni, soksi za kike. Leo tunalijua kwa jina la Consumer Reports.

Nataka msomaji ayashike masharti waliyojiwekea, maana ndiyo kiini cha makala hizi zote. Hawakuchapisha tangazo la mfanyabiashara yeyote. Hawakupokea zawadi. Walikwenda dukani kama mteja yeyote, bila kujitaja, wakalipa bei ya rafuni. Masharti hayo yaliwagharimu. Magazeti mengi yaliyoishi kwa matangazo yalikataa kuwatangaza, na kamati ya Bunge la Marekani iliwaingiza katika orodha ya mashirika ya kushukiwa; jina lao lilifutwa humo mwaka 1954. Walivumilia, wakapima.

Moto huo ulivuka bahari. Mwaka 1957, katika gereji iliyogeuzwa ofisi huko Bethnal Green, mashariki ya London, Michael Young na wenzake walitoa toleo la kwanza la jarida la Which?. Walipima birika za umeme, miwani ya jua, aspirini. Wanasheria waliwatahadharisha kwamba kutaja jina la bidhaa na kusema ni mbaya kungeweza kuwafikisha mahakamani. Waliyataja majina. Mhariri wake, Eirlys Roberts, aliyekuwa amesomea Kigiriki na Kilatini, alishikilia lugha nyepesi ambayo mtu yeyote angeielewa, na ninaamini ustadi huo ulilijenga jarida kama maabara ilivyolijenga. Ujerumani nayo ilifuata mwaka 1964, safari hii kwa uamuzi wa serikali yenyewe: Stiftung Warentest.

Faida ya kununua dukani ilionekana wazi mwaka 2010. iPhone 4 ilipotoka mwezi Juni, sifa zilijaa kila mahali. Consumer Reports nao mwanzoni waliona lawama za mtandao kukatika ni jambo dogo. Lakini walinunua simu tatu katika maduka matatu ya eneo la New York, wakaziingiza katika chumba kisichopitisha mawimbi ya redio, wakagundua kwamba kidole kikigusa sehemu fulani ya ukingo wa simu, nguvu ya mtandao hushuka. Tarehe 12 Julai wakatangaza kwamba hawawezi kuipendekeza. Walibadili neno lao hadharani. Siku nne baadaye Steve Jobs aliitisha waandishi wa habari na kuahidi kuwapa wanunuzi kava bure. Linganisha na mwaka 2016, ilipobainika kwamba kadi za picha za kompyuta ambazo kampuni za MSI na Asus ziliwapelekea watathmini zilikuwa zimewekwa kwenye mwendo wa juu kidogo kuliko zile zilizokuwa zikiuzwa dukani. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwangu udanganyifu hauna udogo.

Wapo watakaosema kwamba mtathmini mwaminifu atosha. Hatoshi, na ushahidi ni Galaxy Note 7. Ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016, na watathmini waliisifu bila kudanganya. Simu waliyoishika ilikuwa nzuri. Tarehe 2 Septemba Samsung ilisimamisha mauzo. Kwa hesabu yake yenyewe, simu zenye kasoro zilikuwa 24 katika kila milioni, yaani moja katika kila 42,000 hivi. Mtu mwenye simu moja mezani kwa wiki moja ataionaje hiyo? Waliobadilishiwa simu walipewa zenye betri ya mtengenezaji mwingine, nazo baadhi zikawaka. Tarehe 5 Oktoba abiria walishushwa kutoka ndege ya Southwest mjini Louisville kwa sababu ya moshi wa simu iliyobadilishwa. Tarehe 11 Oktoba uzalishaji ulikoma. Katika kuchunguza, Samsung ilijaribu simu zaidi ya 200,000 na betri zaidi ya 30,000, ikabaini kwamba betri za kwanza zilibanwa kwenye pembe, na za pili zilikuwa na ncha za kulehemu zilizotoboa utando wa ndani. Zilihitajika simu laki mbili kuelezea kilichofichika kwa aliyekuwa na moja.

Narudi nyumbani. Mpwa wangu anauza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nilimuuliza wateja hurudi lini kulalamika. "Mjomba, wiki ya kwanza hurudi mwenye simu iliyokufa kabisa," alinijibu. "Kuanzia mwezi wa pili ndiyo wanakuja wa tundu la chaji na betri kuvimba." Kwa hiyo kabla ya kununua, muulize fundi wa mtaani kwako ni simu gani zinazomjia mezani, na vipuri vya ipi vinapatikana. Yeye hakupewa simu na mtu. Hilo ndilo ninaloweza kumshauri mnunuzi wa leo. Zaidi ya hapo anahitaji chombo ambacho hatuna.

Shirika la Viwango Tanzania hupima kama bidhaa inafikia kiwango. Kuzimwa kwa simu feki nchini Juni 2016, tulikokueleza katika sehemu ya kwanza, kuliondoa zisizofaa kabisa. Lakini kati ya simu tano halali za shilingi laki tatu, ipi itadumu miaka miwili? Hakuna anayetuambia kwa Kiswahili, kwa simu aliyoinunua mwenyewe. Kila tarehe 15 Machi ni Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Nawaomba wakuu wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na wa chuo chochote chenye maabara ya umeme, wawape wanafunzi wao kazi hii: wanunue simu tano hizo Kariakoo bila kujitambulisha, wazitumie mwaka mzima, matokeo yachapwe gazetini kwa majina. Bei ya simu ya kwanza nimeshaitenga.