Kuendesha baiskeli kando ya mito Ufaransa: angalia kwanza kama barabara iko chini au juu

Kila Julai, Tour de France inapoonyeshwa kwenye TV, kamera ya helikopta hutuletea picha ileile: mto unaopinda taratibu, barabara nyembamba pembeni yake, kijiji cha nyumba za mawe na mnara wa kanisa, halafu mashamba ya mizabibu. Ukitazama unajiambia, aah, hapa hata mimi naweza.

Na kweli unaweza. Mashindano yakishapita, barabara zile hubaki wazi kwa yeyote mwenye baiskeli, na huhitaji kuwa bingwa. Lakini kuna jambo moja linalowachosha wageni wengi kabla hata ya saa sita mchana: kudhani kwamba barabara inayofuata mto lazima iwe tambarare.

Maji ndiyo hayapandi mlima. Barabara inapanda. Kwa hiyo kabla hujahesabu kilomita, jiulize mto wenyewe umechimba bonde la aina gani.

Loire: bonde pana, shida ni upepo

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unaanzia milimani kusini, unaelekea kaskazini, kisha unageuka magharibi hadi Bahari ya Atlantiki. Ukifika karibu na mji wa Nevers tayari uko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, na bado una mamia ya kilomita za kwenda. Yaani mteremko ni mdogo kiasi kwamba miguu haiuhisi.

Hapo ndipo ilipo njia inayoitwa La Loire à Vélo, yenye urefu wa takriban kilomita 900, kutoka jirani na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins baharini. Ina vibao vyake. Sehemu kubwa hupita barabara ndogo zisizo na magari mengi, njia za baiskeli, na juu ya matuta yaliyojengwa zamani kuzuia mafuriko. Unapita Orléans, Blois, Tours na Saumur. Njiani kuna makasri ya wafalme, na vijiji kama Candes-Saint-Martin, pale mto Vienne unapoingia Loire. Karibu na Saumur utaona nyumba zilizochongwa ndani ya miamba. Jiwe jeupe lililochimbwa huko ndilo lililojengea makasri, na mapango yaliyobaki watu wakayatumia kuishi, kuhifadhi mvinyo na kulima uyoga.

Sasa, wengi huona ni busara kufuata mto kuelekea baharini kwa sababu "unateremka". Lakini upepo wa eneo hili mara nyingi hutoka magharibi, baharini. Ukienda na mto, unaupokea usoni siku nzima. Waendeshaji wazoefu wengi hufanya kinyume: wanaanzia upande wa bahari na kuupanda mto, upepo ukiwasukuma mgongoni. Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa mgeni, au familia yenye watoto.

Dordogne na Lot: mto chini, kijiji juu

Kusini-magharibi mambo hubadilika. Mito ya Dordogne na Lot imekata miamba ya chokaa na kupinda kama nyoka. Kando ya maji barabara ni nzuri na haina milima mikubwa. Kati ya Sarlat na Souillac, kwa mfano, kuna njia ya baiskeli iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, na kwa kuwa treni haziwezi vilima vikali, hata wewe hutavikuta humo.

Kazi inaanza unapotaka kuona vijiji vyenyewe. La Roque-Gageac kimejibana kati ya jabali na mto, hicho unakifikia bila kutoa jasho. Lakini Domme, mji mdogo wenye kuta ulioanzishwa mwaka 1281, umekaa juu ya jabali, zaidi ya mita 100 juu ya mto. Ngome ya Beynac nayo iko juu. Kwenye mto Lot, kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie kinaning'inia takriban mita 100 juu ya maji.

Kwa nini walijenga juu? Usalama. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, kati ya 1337 na 1453, eneo la Dordogne lilikuwa mpaka wa kugombaniwa kati ya wafalme wa Uingereza na wa Ufaransa. Aliyekaa juu alimwona adui mapema, na alikwepa mafuriko pia. Leo bili ya usalama ule unailipa wewe kwa miguu yako.

Kwa hiyo ukipanga siku katika mabonde haya, usihesabu kilomita peke yake. Hesabu pia ni vijiji vingapi vya juu unataka kupanda. Viwili kwa siku vinamtosha mtu wa kawaida. Si lazima upande vyote, vingine vinapendeza zaidi ukivitazama kutoka darajani.

Tarn na Ardèche: makorongo mawili, barabara mbili tofauti

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu picha za makorongo haya mawili zinafanana.

Korongo la Tarn lina kuta za mamia ya mita, lakini barabara yake kuu, D907bis, inapita chini kabisa, jirani na maji. Kutoka Sainte-Enimie hadi Le Rozier, karibu kilomita 35, unaendesha ukiwa kivulini mwa miamba, ukipita vijiji kama La Malène na Les Vignes. Haina mlima wa kutisha. Ukiamua kutoka Les Vignes kupanda hadi sehemu ya kutazamia iitwayo Point Sublime, hiyo ni habari nyingine: zaidi ya mita 400 za kupanda kwa kona kali.

Ardèche ni kinyume chake. Barabara ya D290 kati ya Vallon-Pont-d'Arc na Saint-Martin-d'Ardèche inaanza vizuri, inapita karibu na Pont d'Arc, daraja la asili lililotobolewa na mto kwenye mwamba. Halafu inauacha mto na kupanda ukingoni mwa korongo, na kwenye sehemu za kutazamia uko kama mita 200 juu ya maji. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Maji unayaona chini kule, ila huyafikii, na vivuli ni vichache. Mwezi wa saba na wa nane, jua likiwa kali na magari ya watalii yamejaa, mtu aliyebeba chupa moja ya maji anaweza kujikuta pabaya. Toka asubuhi mapema, au chagua Mei, Juni au Septemba.

Kuanzia Septemba hadi Novemba, milima ya Cévennes na maeneo jirani hupata mvua za ghafla ambazo hujaza mito kwa saa chache tu. Angalia tahadhari za Météo-France kabla ya kutoka. Zina rangi nne: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Ukiona machungwa au nyekundu, usiingie korongoni.

Ramani inakwambia, ukijua kuisoma

Kwenye ramani za Michelin, tafuta vialama vidogo vya pembe juu ya barabara. Kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Mstari wa kijani pembeni ya barabara ni ishara ya mandhari nzuri, lakini mandhari nzuri mara nyingi huendana na kupanda.

Angalia na herufi. Barabara za D ni za mkoa, na zile ndogo ndogo ndizo rafiki wa baiskeli. Za N zina magari mengi. Za A ni za mwendo kasi, na baiskeli hairuhusiwi kabisa.

Mkate, maji na sheria

Vijijini duka hufungwa mchana, kwa kawaida kuanzia saa sita hadi saa nane, na vingi havifunguliwi Jumapili alasiri na Jumatatu. Nunua mkate na chakula cha mchana asubuhi. Ukiishiwa maji, tafuta makaburi ya kijiji: mara nyingi kuna bomba la kumwagilia maua. Ukikuta maandishi "eau non potable", hayo si ya kunywa.

Makutano yasiyo na kibao wala taa, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama anatoka kwenye barabara ndogo. Gari linalokupita linapaswa kukuachia mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti. Usiku nje ya mji, au kukiwa na ukungu, kizibao cha kung'aa ni lazima.

Ukichoka, treni za mikoa ziitwazo TER hubeba baiskeli, ingawa baadhi ya maeneo hutaka uweke nafasi mapema majira ya joto. Ukiwa kwenye bonde la Loire, stesheni haziko mbali. Kwenye korongo la Tarn hakuna reli, kwa hiyo huko hakikisha nguvu za kurudi unazo kabla hujateremka.