UKILI URUDI KATIKA NYUMBA ZETU

Mwenyezi Mungu Mtukufu amelijaalia bonde la Mto Kilombero neema nyingi: maji, samaki, mpunga, na miti ya jamaa ya mtende, yaani mkindu na mlala. Kwa majani ya miti hiyo wazee wetu wa Ifakara na vijiji vyake walipata mkeka wa kulalia, jamvi la kukalishia wageni, msala wa kuswalia, kawa la kufunikia chakula na kikapu cha kwendea sokoni. Leo twaingia nyumba nyingi tukakuta mkeka wa plastiki uliotoka kiwandani, na bibi mmoja tu pembeni ambaye vidole vyake vyaukumbuka ukili.

Hata hivyo, heri haijakatika. Wako watu wazima waliofunzwa kusuka utotoni, kisha wakaacha kwa ajili ya masomo, ofisi au duka, na sasa wanaurudia ukili jioni baada ya kazi. Nayo mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kikapu kilipata tena heshima yake sokoni. Jambo hili twaliona kuwa jema, na twapenda kueleza kwa nini.

Wengine husema: kusuka ni kazi ya maskini, na mtu aliyesoma hana haja nayo. Neno hili halina asili katika dini yetu. Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme, na juu ya hayo alikula kwa kazi ya mkono wake. Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.), mke wa Mtume wetu (s.a.w.), alikuwa fundi wa kusindika ngozi na kushona, na mapato yake akiyatoa sadaka. Tena imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali juu ya khumra, nao ni mkeka mdogo uliosukwa kwa majani ya mtende. Basi msala wa ukindu wa bibi zetu una jamaa wa kale sana.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Salman al-Farsi (r.a.). Alipokuwa amiri wa Madain alikuwa na posho yake kutoka hazina, naye akiitoa sadaka. Imepokewa kwamba alinunua majani ya mtende kwa dirhamu 1, akayasuka, akauza alichokisuka kwa dirhamu 3. Moja alinunulia majani mengine, moja aliwalisha watu wa nyumba yake, na moja akaitoa sadaka. Ikiwa amiri hakuona haya kushika jani, karani wa leo aone haya ya nini?

Na kazi yenyewe ina mafunzo. Kuti changa lisilofunguka hukatwa, likaanikwa juani mpaka likawa jeupe, kisha likachanwa nyuzi nyembamba. Atakaye rangi huchemsha ukindu ndani ya maji ya rangi. Kabla ya kusuka huloweshwa kidogo, kwani jani kavu huvunjika. Ukili husukwa mrefu na kuviringishwa, na mwisho hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka utimie. Hakuna njia ya mkato. Aliyekosea uzi mmoja hana budi kufumua na kuanza tena pale alipokosea. Mtu mzima aliyezoea kuamrisha na kutiiwa hupata hapo somo la subira, na vidole vyake huwa na shughuli iliyo bora kuliko kupekua simu usiku kucha.

Hata hivyo, yatupasa kutahadhari na mambo matatu.

Kwanza, burudani isitutoe katika faradhi. Adhana ikisikika, ukili uwekwe chini.

Pili, tusiwadhulumu wenye riziki yao. Wako wajane na akina mama wanaosomesha watoto kwa mikeka. Sisi tunaosuka kwa kupenda, wenye mshahara mahali pengine, tukiuza kwa bei ya kutupa, tutawafungia mlango. Afadhali cha kwetu tukitumie nyumbani, tukitoe zawadi au tukiweke msikitini. Tukiuza, tuuze kwa bei ya haki. Vilevile tunaponunua kwao tusibishane mpaka thamani ya siku zao nyingi za kazi ikageuka kuwa ya saa moja.

Tatu, tuuhurumie mti. Ardhi oevu ya Kilombero iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, nayo ni miongoni mwa ardhi zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake duniani. Lakini mashamba na mifugo vimeendelea kupunguza mahali ambapo miti hii huota. Mwenye kukata achukue kuti aliachie shina mengine, wala asiangamize moyo wa mti. Anayetaka kusuka mwakani na aache cha mwakani.

Enyi vijana, elimu hii haimo vitabuni. Imo mikononi mwa watu wachache, nao ni wazee. Mwende mkawaamkie, mkakae chini mbele yao, mkaseme: Bibi, tufunze. Msingoje mpaka siku ya matanga ndipo muulize nani aliyeshona mkeka alioacha marehemu. Na enyi wazee, mwanafunzi wenu akiwa na miaka 40 na vidole vizito, msimcheke. Elimu yenye manufaa ni katika yale yanayoendelea kumpatia mtu thawabu baada ya kufa kwake, na kila msala utakaosujudiwa baada yenu una fungu lenu ndani yake, Inshaallah.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayofanya kazi ya halali. Amin.