Nani Anayepimwa, Mtoto au Farasi?

Mtu akisikia habari za mashindano ya farasi, fikra yake huenda moja kwa moja kwenye mbio: farasi kumi watoke mstarini, na atanguliaye kufika ndiye mshindi. Lakini yako mashindano mengine, yaliyoenea sana kwa vijana wa Marekani, ambayo kasi si kitu ndani yake. Kijana huingia uwanjani peke yake na farasi wake, huruka viunzi vinane au kumi au zaidi, na waamuzi hawamtazami farasi ameruka vipi. Humtazama aliye juu ya mgongo wake: ameketi vipi kwenye tandiko, mikono yake ni mizito au miepesi juu ya hatamu, kisigino kimeshuka chini ya kikuku cha kukanyagia, au kimepanda, macho yake yatazama kiunzi kijacho, au yatazama masikio ya farasi. Kisha humpa alama, tangu 0 hata 100.

Nimependa kuwaeleza wasomaji wetu habari hizi kwa kuwa ndani yake mna mas'ala ambayo sisi walimu wa chuo twakutana nayo kila tuwapimapo watoto. Vipi utampima mtoto peke yake, hali mtoto hakuja peke yake? Huyu amekuja na farasi wa baba mwenye mali, aliyefunzwa miaka na mikaka. Na yule amekuja na farasi wa kuazima, mkaidi, mwenye kuogopa hata kivuli chake.

Shindano mashuhuri la namna hii ni lile la Maclay, lililoanzishwa mwaka 1933 kwa vijana wasiofika miaka 18. Katika walioshinda ni William Steinkraus, mwaka 1941. Kijana huyo alikuja kupata medali ya dhahabu ya kuruka viunzi katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968. Basi si mchezo wa kujionyesha tu.

Watu wengi hudhani kwamba insafu ya mashindano imo mikononi mwa waamuzi. Ni kweli kwamba mwamuzi akipendelea mambo huharibika, na kanuni za huko zamkataza kumwamua mtu wa nyumbani kwake au mwanafunzi anayemlipa. Lakini nionavyo mimi, sehemu kubwa ya insafu, au ya dhulma, hutengenezwa kabla ya mtoto wa kwanza hajaingia uwanjani. Hutengenezwa na mtu anayetembea na utepe wa kupimia, akiamua kiunzi hiki kikae hapa na kile pale. Huyo ndiye mpangaji wa njia.

Na tumtazame kazini. Farasi wa kimo cha kawaida, aendapo mbio za wastani, hatua yake moja huchukua futi 12 hivi. Akitua baada ya kuruka hutumia futi 6, na kabla ya kuruka kiunzi cha pili hutaka futi 6 nyingine. Kwa hiyo mpangaji akiacha futi 60 kati ya viunzi viwili, amempa mpandaji hatua nne kamili za farasi. Ndiyo maana kabla ya shindano utawaona watoto na walimu wao wakitembea uwanjani kwa miguu, kimya, midomo ikicheza kwa hesabu. Kila mmoja hunyosha hatua ya futi 3, kwani hatua nne za mtu ni hatua moja ya farasi. Mtoto mfupi hujizoeza hatua hiyo nyumbani mpaka mguu uijue.

Sasa weka juu ya njia hiyohiyo mtoto wa miaka minane, aliyepanda farasi mdogo wa jamii iitwayo poni, asiyezidi sentimita 127 mabegani. Hatua ya mnyama huyu ni futi 10 hivi, na kutua na kuinuka kwake ni kama futi 5 na 5. Katika zile futi 60 atapata hatua tano, na mambo yatakuwa sawa. Taabu humpata mwenziwe aliyepanda poni wa kimo cha kati, mwenye hatua ya futi 11. Akitaka hatua nne, hazifiki. Akitaka tano, hazienei. Ama amkimbize mnyama mpaka aruke kutoka mbali, ama amvute hatamu mpaka kichwa kipande juu. Katika hali zote mbili mwamuzi ataandika kwamba mtoto hana mikono mizuri, na ukweli ni kwamba lililokuwa baya ni kipimo. Kwa sababu hii mpangaji mwenye haki huvisogeza viunzi zikibadilika jamii za poni, ingawa kazi hiyo humla wakati na huwachosha wabebaji wa viunzi.

Jambo hili si geni katika mapokezi yetu. Abdallah bin Umar amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi mjini Madina kwa njia mbili. Waliokondeshwa na kutayarishwa kwa mbio aliwapa masafa tangu Al-Hafya hata Thaniyyatul Wadaa, na wasiotayarishwa aliwapa tangu Thaniyya hata msikiti wa Banu Zurayq. Wapokezi wamesema masafa ya kwanza yalikuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Na Ibn Umar, aliyekuwa kijana wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioshindana. Anayedai kwamba usawa ni kila mtu kupewa njia moja, na aifikirie maili hiyo moja.

Turudi uwanjani, kwani hesabu ya futi si mwisho wa maneno. Futi 60 za kuelekea langoni si sawa na futi 60 za kulipa lango kisogo. Farasi huwakumbuka wenziwe walio nje. Akielekezwa kwao hurefusha hatua mwenyewe, na akitengwa nao huzivuta kwa shingo upande. Tena jicho la farasi huchelewa kuzoea giza atokapo penye mwanga, basi kiunzi kilichowekwa mara tu baada ya kuingia kivulini ni kigumu kuliko kingine cha urefu uleule. Na farasi hukipima kiunzi kwa kutazama chini yake, mahali mti wa kwanza ulipogusana na ardhi. Mti huo ukiwekwa nyuma ya kiunzi badala ya mbele, farasi hudanganyika, akakaribia mno, akagonga na pengine akaanguka na mtoto juu yake.

Hapa ndipo nipambanuapo mtihani na mtego. Mpangaji akiweka nafasi ndefu, na mara baada yake nafasi fupi, ameuliza swali gumu: Je, wajua kumrefusha farasi kisha kumkusanya? Mtoto aliyefunzwa vyema ana jibu. Lakini mti uliowekwa nyuma hauna jibu kwa mpandaji yeyote, hodari wala dhaifu. Nasi tuna mfano wake chuoni. Mwalimu akimsomea mtoto aya zifananazo katika sura mbili, amwambie aendelee, huo ni mtihani wa hifadhi, hata mtoto akitokwa na jasho. Akimsomea kutoka juzuu ambayo hajamfundisha, amejipima yeye mwenyewe.

Zamu ya kuingia nayo ina athari yake. Wa kwanza huingia njia isiyojaribiwa. Wa hamsini ameshaona arubaini na tisa wakikosea, lakini ardhi imechimbika kwa kwato. Dawa yake ni kura, na hapana nyingine.

Basi tuseme njia imepangwa kwa haki na zamu imepigiwa kura. Bado lile la mali. Farasi aliyezoea mashindano haya, mpole, anayemsitiri mpandaji wake na makosa, huuzwa na hukodishwa kwa maelfu mengi ya dola. Kanuni yasema farasi hapimwi, lakini ni vigumu sana kwa kijana kukaa vizuri juu ya mgongo usiotulia. Katika baadhi ya fainali wamejaribu kulitibu hili. Katika ile ya Washington, kumi walio mbele hubadilishana farasi katika duru ya mwisho, na mara nyingi hapo huonekana nani alikuwa amembeba mwenziwe. Mahali pengine vijana huamriwa kupanda pasi na vikuku, au kukiendea kiunzi kwa mwendo wa matiti. Dawa hizi ni nzuri, ila huwafikia wachache waliokwisha kufika juu, na aliyekosa farasi mzuri aghalabu ameshatolewa asubuhi.

Waliolishika jambo hili tangu shina lake ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1967 kijana mmoja mwanafunzi, Robert Cacchione, alianzisha chama kiitwacho Intercollegiate Horse Shows Association, ambamo hapana mwanafunzi ajaye na farasi wake. Chuo kikuu kinachokaribisha wageni ndicho kitoacho farasi na matandiko. Kila mshindani hupewa mnyama kwa kura, akampanda bila ya kumzoea kwanza. Na anayeanza kujifunza, ambaye mtihani wake ni kwenda pole na kwenda matiti tu bila ya kuruka, akishinda katika daraja yake huiletea timu pointi 7, sawasawa na bingwa arukaye viunzi. Mwaka 2002 ikaanzishwa jumuiya ya wanafunzi wa skuli kwa mpango kama huo.

Hata hivyo kura yaweza kuwa kali. Huyu huangukiwa na farasi mtulivu, na yule huangukiwa na mwenye kuvuta. Vyuo vikuu vingine, vilivyo katika National Collegiate Equestrian Association, vimefanya namna ambayo mimi naiona ndiyo iliyokaribia insafu kuliko zote nilizozitaja. Farasi hupigiwa kura, kisha mmoja wa timu hii na mmoja wa timu ile humpanda farasi yuleyule, kwa zamu, juu ya njia ileile. Kila mmoja hupewa dakika nne za kujuana naye, na mwenye alama nyingi zaidi ndiye aliyeipatia timu yake pointi. Hapo hapana kusema farasi wake alikuwa bora.

Hata hapo, binti wa pili husimama kando ya uwanja akimtazama wa kwanza. Ameona farasi amekataa mkono mzito pale penye kona. Naye aliyetangulia hakuwa na wa kumtazama.